Mlango Ufunguke Pande Zote Mbili

Hotuba ya bawabu wa kanisa, Siku ya Familia, Malindi

Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena. Nanyi majirani zetu Waislamu mliokuja kukaa nasi leo, asalaam aleikum.

Kasisi wetu, wazee wa kanisa, mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama, mzee wa mtaa, wageni wetu nyote: itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika 20. Mwenyekiti aliniambia nizungumze juu ya kanisa na kuzikaribisha familia, kisha akaninong'oneza, "Mama, usirefushe." Nitajaribu.

Mimi si mhubiri. Siku za kazi nakaanga mahamri pale Maweni. Wengi wenu mnayala na wachache bado nawadai. Jumapili nakuwa bawabu. Nimesimama pale mlangoni miaka 11, na bawabu huona mambo ambayo mhubiri hayaoni kutoka mimbarini. Yeye anaona nyuso, na uso mtu anaweza kuupanga. Mimi naona miguu. Naona nani kaazima viatu vya jirani, maana kisigino kimetokeza nje. Naona mtoto aliyevaa kandambili mbili za kulia. Namwona baba anayewaleta mke na watoto kwa tuktuk yake, anawashusha, anageuza, anakwenda zake, wala hakuzima injini.

Mlango wenyewe mnaujua. Una pande mbili. Wa kulia unafunguka. Wa kushoto una komeo lililoshika kutu, na hewa yetu hii ya chumvi imelimaliza kabisa. Kila Pasaka tunasema tutalitengeneza. Kwa hiyo watu wote, bibi na fimbo yake, mama na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, wanajipenyeza upande mmoja. Wanaoingia wanapambana na wanaotoka. Nimeuzoea mpaka nikaacha kuuona, na ningeendelea kutouona kama si mwaka 2023.

Nitalitaja jina ambalo hapa kwetu watu hulitaja kwa sauti ya chini. Shakahola.

Najua kuna watoto hapa. Sitaeleza yaliyofukuliwa. Nyote mnajua kwamba kuanzia Aprili mwaka ule msitu ule ulitoa miili zaidi ya 400, mingi ya watoto, ya wafuasi wa kanisa moja walioambiwa wafunge kula mpaka kufa, na kwamba kanisa lenyewe lilianzia mjini humu humu, si mbali. Kesi ziko mahakamani na mahakama itasema lake. Mimi nazungumza kama bawabu, na bawabu ana swali lake: wale watu waliingiaje?

Waliingia kwa kukaribishwa. Ndugu zangu, hapo ndipo panaponinyima usingizi. Hakuna aliyewafunga kamba. Walipokewa kwa mikono miwili, pengine kuliko sisi tunavyompokea mtu. Mama mwenye ndoa iliyomshinda alipata wa kumsikiliza. Kijana asiye na kazi alipata wa kumwita "mpendwa". Kisha wakaambiwa: watoe watoto shuleni. Kisha: hospitali ni ya wasio na imani. Kisha uza vitu, njoo msituni, na ndugu wakikupigia usishike simu, maana hao ni wa dunia. Kila hatua ilikuwa imepambwa kwa karibu. Lakini karibu ile ilikuwa na mlango wa kuingilia tu.

Mimi nilikuwa miongoni mwa akina mama waliopeleka chai na mahamri mochari, kwa jamaa waliokuwa wakisubiri. Msalaba Mwekundu walikuwa na meza yao pale, watu wanaandikisha majina ya waliopotea. Wengine walichukuliwa vipimo vya DNA. Walitoka kila pembe ya Kenya. Siku moja nilimkuta mzee aliyesafiri kutoka magharibi ya nchi, amekaa juu ya tofali. Alikuwa na picha ya binti yake na wajukuu wawili, ameifunga kwenye karatasi ya nailoni ya kuwekea sukari. Nikammiminia chai. Akaipokea, akashukuru, akaniuliza, "Nyinyi ni akina nani?" Nikamwambia tumetoka kanisani.

Akakiweka kikombe chini.

Hakunitukana. Alikiweka tu, taratibu, pembeni ya tofali, kama mtu anayerudisha kitu ambacho hakukiagiza. Nikakaa naye chini. Sikuwa na la kusema, na nashukuru Mungu siku ile hakunipa neno, maana ningeharibu. Tulikaa mpaka jua likahama. Baadaye sana akanywa, chai imekuwa baridi, nzi mmoja ndani. Miili ya kwanza ilianza kukabidhiwa jamaa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Yule mzee sikumwona tena. Lakini kikombe kile bado kimekaa mbele yangu kila ninaposema "karibu" pale mlangoni.

Tangu wakati ule nimejiwekea kanuni yangu. Mtu akija kwetu mgeni, peke yake au na wanawe, amechoka na maisha, anataka kuanza upya, nampa maji, nampa kiti, na namuuliza: "Umemuaga nani nyumbani?" Akisema hakumuaga mtu, tunapiga simu. Si lazima aseme yote. Aseme tu, mimi niko Malindi, niko salama, kanisa ni hili. Wengine hukasirika. Mmoja aliniambia amekimbia ndugu zake kwa sababu wanampiga, na huyo nilielewa. Kwa huyo tulimtafuta shangazi mmoja ambaye hampigi. Karibu kila mtu ana shangazi mmoja. Familia ikija kanisani isije ikiwa imekatwa kama tawi. Ije na mizizi yake, na kama mizizi iko Ganze au Kakoneni au kule Siaya, basi mizizi hiyo nayo imekuwa wageni wetu.

Kuna watu wanadhani hilo ni jambo la kisasa, eti la haki za binadamu. Hebu kasomeni tena habari za Ruthu. Tunamsifu Ruthu kwa kumfuata mkwewe, tunahubiri harusini, "uendako nitakwenda". Tunamsahau Naomi. Naomi aliwaambia wakaza wanawe warudi, kila mmoja nyumbani kwa mama yake, tena aliwaambia zaidi ya mara moja. Aliwafungulia mlango kabisa. Orpa akambusu mkwewe, akarudi kwao, na sijaona mstari unaomlaani. Ruthu alikaa kwa sababu angeweza kuondoka. Sasa mhubiri anayekuambia ukitoka hapa umelaaniwa, huyo Naomi asingemjua.

Tena tusijione sisi ndio wenyeji wa pwani hii na wengine ni wageni wetu. Kanisa lilifika hapa likibisha hodi. Mfalme wa Malindi alimpokea Vasco da Gama mwaka 1498 akampa na rubani wa kumvusha mpaka India. Nguzo ya msalaba bado iko pale ukingoni, watoto wanapigwa picha. Nini kilifuata baada ya karibu ile, wana wa historia watueleze, mimi nina maoni yangu na dakika zangu zinakwisha. Mmisionari Krapf naye alifika Mombasa 1844 na mkewe Rosine. Julai mwaka uleule akamzika mkewe na kitoto chao kichanga. Familia ya kwanza ya misheni pwani hii, kaburi likawa ndilo shamba lao la kwanza. Miaka 2 baadaye yeye na mmisionari mwenzake Rebmann walikwenda Rabai, na wazee wa Rabai, watu wa kaya, yale makazi matakatifu ya Wamijikenda, ndio waliowaruhusu kukaa. Babu zetu ambao sio Wakristo waliwapa Wakristo mahali pa kulaza vichwa.

Na ukiacha wazungu, kuna Fuladoyo, hapo bara yetu. Watoro waliotoroka utumwa kwenye mashamba ya Malindi na Takaungu walijenga makazi yao kule, wakasali, wakalima, wakapokea watoro wengine waliokuja usiku na watoto wao. Kiongozi wao, David Koi, aliuawa miaka ile ya 1880. Hawa walijua maana ya kukaribisha familia, kwa sababu kila mtu aliyeingia aliwaongezea hatari. Sisi leo mtu akiingia anatuongezea nini? Foleni ya chai.

Sasa niseme kosa langu, maana sitaki mfikiri bawabu ni mtakatifu.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya hayo yote, alikuja mama mmoja, mgeni, na mtoto wa kama miaka 3. Mtoto alikuwa mchokozi. Alipanda kiti, alishuka, alipiga kelele wakati wa sala ya maungamo. Watu waligeuza shingo. Mimi, bawabu mwenye bidii, nikamwendea yule mama nikamwambia kwa sauti tamu, "Dada, mpeleke nje kidogo chini ya mwarobaini, akitulia mrudi." Akaenda. Hakurudi ibada ile, wala Jumapili iliyofuata. Miezi mingi baadaye nilikutana naye soko la kuuzia samaki, ananunua tafi. Nikamsalimu, nikamuuliza mbona amepotea. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Nilidhani kanisa lenu si la wenye watoto."

Hakusema kwa hasira. Alidhani ndiyo sheria yetu.

Ule mkeka mnaouona pale mbele, kando ya mimbari, umetokana na tafi wale. Ni mikeka mitatu ya ukili, tumeishona pamoja. Watoto wanakaa mbele, siyo nyuma, wala siyo nje. Mbele mtoto anaona kinachotendeka na ananyamaza mwenyewe; nyuma anaona migongo tu, lazima achoke. Kasisi wetu amejifunza kuhubiri huku kitoto kinamvuta kanzu. Wiki zilizopita kimoja kilimlalia mguuni, akamaliza mahubiri bila kusogea hatua moja, na nadiriki kusema yalikuwa mahubiri yake mafupi kuliko yote.

Nije kwa akina baba. Hapa nitakaa kidogo.

Tumezoea kulalamika kwamba wanaume hawaji kanisani. Yule wa tuktuk niliyemtaja, na wenzake. Mimi nilikuwa na mmoja wao nyumbani kwangu. Mume wangu alikuwa mtunza bustani hotelini. Mnajua mji wetu unavyokwenda. Kaskazi inapovuma, Disemba mpaka Machi, kila mtu ana kibarua. Kusi ikishika, mwezi wa 4 na wa 5, mto Sabaki unateremsha matope, bahari inakuwa rangi ya chai, mwani unajaa ufukweni, na hoteli zinafunga. Mfanyakazi anaambiwa, "Tutakuita." Na wakati huohuo shule zinafungua muhula wa pili. Karo, sare, madaftari, vyote vinamkuta baba ameketi barazani anahesabu vidole.

Sasa mtu kama huyo aje kanisani, na kanisani kuna mchango wa paa, na katibu anasoma majina. Fulani, shilingi 500. Fulani, 1,000, makofi. Mume wangu, shilingi 20. Hakuna aliyemzomea. Watu walicheka kidogo tu, kicheko cha puani. Hakuja tena miaka 4. Nilikuwa nasimama mlangoni nakaribisha waume wa watu, wangu yuko nyumbani anasikiliza mpira kwenye redio.

Nililileta jambo lile kwa wazee wa kanisa na haikuwa rahisi. Walisema kusoma majina kunatia watu moyo. Kweli, kunamtia moyo aliyetoa 1,000. Tulibishana mikutano 3. Siku hizi hatusomi. Sanduku lipo, mkono unaingia, mkono unatoka, na fedha, niwaambie ukweli, hazikupungua.

Kutoka hapo ndipo kikaja kile kibubu chetu cha kusi, na wageni wanaouliza tunafanyaje, ni hivi. Seremala alitutengenezea sanduku la mninga lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao baba mmoja, mwingine anao mama mmoja, na hawa wawili si mke na mume wala si ndugu. Kuanzia Disemba mpaka Pasaka, mwenye kipato anatia chochote, wengi shilingi 50 kila Jumapili. Mwezi wa 5 tunafungua. Mwenye mtoto shuleni anakopa mpaka 3,000, bila riba, anarudisha kidogo kidogo kaskazi ikirudi. Daftari lipo ila haliingii kanisani. Hatumuulizi mkopaji amekosa ibada ngapi.

Mwaka juzi mmoja alikopa, kisha katikati ya mwaka akahamia kanisa jingine, yeye na mkewe na watoto wote. Ndipo mlipomsikia mzee mmoja, simtaji na yuko hapa anacheka, akisema basi na tuweke sharti: mwenye deni asihame mpaka amalize. Nilisimama. Nikasema, mzee wangu, kwa heshima yako na mvi zako, ukimzuia mtu kutoka kanisani kwa deni la 3,000, kesho mwingine atamzuia kwa deni la mbinguni. Wakanyamaza. Yule bwana alimaliza deni lake Disemba. Alileta 400 za mwisho mwenyewe, siku ya Krismasi, akakaa ibada nzima, akala pilau, akarudi kwao. Hatukumpoteza. Anasali kule.

Na mgema. Samahani, mwenyekiti, najua unaangalia saa.

Mimbari yetu imelipiga vita tembo, pombe ya mnazi, tangu nikiwa msichana. Sikatai. Nimezika watu walioanza mangweni, kwenye vilabu vya tembo, asubuhi wakaishia shimoni. Lakini kuna baba mmoja mgema, mtu wa kazi, asiyelionja hata tone. Mnazi haujui Jumapili: usipoupanda asubuhi na jioni, umeuharibu. Basi Jumapili moja alikuja amechelewa, jasho linamtoka, amevaa shati safi, na kotama yake, kile kisu cha kugemea, imo kiunoni ndani ya ala. Amemshika mkono binti yake. Mzee mmoja wa kanisa akamzuia akamwambia, "Hiyo kaiache mangweni ulikotoka." Kotama ile ndiyo iliyokuwa ikimlipia binti karo ya sekondari, na binti alikuwa amesimama pale akisikia.

Nilimwambia, baba, itundike hapa, kwenye msumari wa miavuli. Akaitundika. Wakaingia wakakaa nyuma kabisa. Mahubiri siku ile yalikuwa juu ya nini? Ulevi, bila shaka. Aliinamisha kichwa mwanzo mpaka mwisho. Wahenga wamesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsifu. Alipotoka kuchukua kotama yake nikamwambia, "Binti yako anasoma vizuri, nasikia." Akatabasamu mpaka nikaona aibu kwamba neno dogo vile lilikuwa jipya kwake. Leo makuti ya ukumbi wetu yanapovuja ni yeye anayepanda. Na bado anagema. Sijui kama kasisi amelimaliza jambo hilo moyoni mwake, mimi nimelimaliza.

Mengine nitayapita haraka.

Jumatano chini ya mwarobaini kuna meza, na mwalimu mstaafu anakaa hapo kuanzia saa 3 asubuhi. Kazi yake ni vyeti vya kuzaliwa. Watoto wetu wengi wamezaliwa nyumbani, hawana cheti, na bila cheti mtoto anasumbuliwa kuandikishwa shule, akifika mtihani ndiyo balaa kabisa. Sheria inataka mtoto asajiliwe kabla ya miezi 6. Ikipita unaingia usajili wa kuchelewa, na ushahidi unaotakiwa unaongezeka. Njoo na kadi ya kliniki kama ipo, kitambulisho cha mzazi, na uonane na naibu wa chifu. Mwalimu atajaza fomu na wewe, kisha kuna kijana atakusindikiza Huduma Centre ili usirudishwe kwa kosa la jina. Mtoto wa Kiislamu, wa Kikristo, wa mganga, fomu ni ileile. Akina mama wa madrasa ya jirani wameleta watoto wengi kuliko sisi.

Wasichana waliojifungua. Serikali iliweka sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua tangu 1994. Sisi mpaka juzijuzi tulikuwa bado tunamkalisha benchi la nyuma na kitoto chake tunakiahirishia ubatizo, kana kwamba kichanga kina la kutubu. Limekwisha hilo. Kama kuna mama hapa ambaye binti yake amejificha nyumbani kwa ajili hiyo, mwambie mkeka uko mbele.

Na wazee wetu. Katika kaunti hii watu wameuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ukichimba chini ya neno "uchawi" unakuta shamba. Tuna bibi mmoja ambaye wapwa walianza kumtupia maneno. Tulichofanya si kikubwa. Kila Jumapili watu sita, saba wanamsindikiza mpaka kwake, mchana kweupe, kwa kuimba, na wanakaa barazani kwake mpaka alasiri. Mwezi wa pili wapwa wenyewe walitutandikia jamvi. Tulikwenda pia kwa mzee wa mtaa, na imamu wa msikiti wa pale akaja na sisi. Shamba bado lina maneno, lakini bibi anaota jua lake.

Sasa, ule upande wa kushoto wa mlango.

Jumamosi ijayo saa 2 asubuhi seremala anakuja kung'oa lile komeo. Amesema bawaba nazo zimekwisha, kwa hiyo mlango utashuka wote, na unahitaji watu 4 wa kuushika wakati anapima. Mgema amejitolea kuja na kamba. Wa tuktuk, na leo nimekuona umezima injini, usijifiche nyuma ya mwenzako, tutakuhitaji kwenda kuchukua bawaba mpya mjini. Anayejua kusuka ukili abaki leo dakika chache, ule mkeka wa watoto umefumuka upande wa ukutani na kila wiki mtoto mmoja anaupoteza mguu humo.

Mahamri yako kwenye lile kapu la buluu, mbaazi kwenye sufuria iliyofunikwa. Nimeyahesabu. Watoto kwanza, kisha wageni. Wale ninaowadai, mtasubiri mwisho.